Siku 417

Maabara ya fizikia ya mwaka wa kwanza ina kituko chake. Mnapewa uzi, kijiwe cha chuma na saa ya kubonyeza, mnaambiwa mtafute ile g, yaani kitu kinachoanguka kinaongeza mwendo kiasi gani. Kila aliyepita sekondari anajua jibu ni 9.8. Basi uzi unaning'inizwa, kijiwe kinayumba, na saa ya kukusanya ripoti ikifika makundi yote yana 9.79, 9.81, 9.80. Feni ya darini ilikuwa inapuliza uzi, saa ilikuwa inabonyezwa na mtu anayechati, lakini jibu ni lile lile. Tunaita kupika data, na hakuna anayeona haya kulitamka neno hilo kwenye korido.

Naanza na hilo kwa sababu semista hii nilipangiwa semina kuhusu kwasari na jinsi zinavyotumika kupima umbali katika ulimwengu. Nilijiandaa kukutana na darubini kubwa na hesabu ngumu. Hivyo vipo, tena vingi. Lakini kilichonikalisha maktaba mpaka walinzi wakaanza kuzima taa ni kitu kingine: watu waliokuwa wanapima namba ambayo jibu lake halijaandikwa nyuma ya kitabu chochote, wakalazimika kubuni njia za kujizuia wao wenyewe wasipike.

Kwanza, kwasari ni nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 darubini za redio zilikuwa zinaokota mawimbi kutoka sehemu ambazo, ukizitazama kwa darubini ya kawaida, unaona nukta tu kama nyota. Mwaka 1962, huko Parkes, Australia, Cyril Hazard na wenzake walisubiri Mwezi upite mbele ya moja ya nukta hizo, 3C 273. Kwa kupima muda ambao mawimbi yalikatika na kurudi, wakajua iko wapi hasa. Kisha Maarten Schmidt, kwa darubini ya inchi 200 ya Palomar, California, akautawanya mwanga wake katika rangi zake, na mwaka 1963 akang'amua kwamba mistari ya hidrojeni imesogea upande wa nyekundu kwa karibu asilimia 16. Msogeo wa namna hiyo unamaanisha kitu kinatukimbia kwa takriban kilomita 47,000 kwa sekunde, na kwamba kiko zaidi ya miakanuru bilioni 2 kutoka hapa. Na bado kinaonekana kwa darubini ndogo ya kununua dukani! Leo tunajua kinachowaka si nyota. Ni shimo jeusi kubwa mno katikati ya galaksi, na gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa inapata joto hadi inang'aa kuliko nyota zote za galaksi hiyo zikijumlishwa pamoja.

Shika jambo moja hapo: mwanga wa kwasari hautulii. Gesi haiingii kwa foleni ya kistaarabu, kwa hiyo mwangaza unapanda na kushuka, wiki hii hivi, mwezi ujao vile, kama taa ya hosteli siku umeme umechoka. Hakuna utaratibu, na mchoro wa kupepesa huko haujirudii.

Sasa umbali. Kasi ya galaksi inayotukimbia ni rahisi kuijua, unasoma msogeo wa rangi. Umbali ndio shughuli. Ukiwa na vyote viwili unapata namba ya Hubble, inayosema ulimwengu unapanuka kwa kasi gani, na kutoka hapo unaweza kukadiria hata umri wake. Kwa miaka mingi wakubwa wa fani hii waligawanyika. Allan Sandage na watu wake walisema namba hiyo iko karibu na 50, Gérard de Vaucouleurs akasema karibu na 100. (Ni kilomita kwa sekunde kwa kila megapaseki, na megapaseki moja ni miakanuru milioni 3.26.) Tofauti ya mara mbili nzima! Kisa ni kwamba njia ya kawaida ni ya ngazi: unapima nyota za karibu, unazitumia kupimia za mbali kidogo, na hizo kupimia milipuko ya supanova iliyo mbali zaidi. Kipande cha chini kikilegea, huko juu kote kunayumba.

Kuna wanaotaka kuzitumia kwasari zenyewe kama kipande kirefu zaidi cha ngazi hiyo. Guido Risaliti na Elisabeta Lusso wameshikilia kwamba kuna uhusiano kati ya mwanga wa urujuanimno wa kwasari na eksirei zake, hivyo ukipima vyote viwili unaweza kujua taa yenyewe ina nguvu kiasi gani, na kutoka hapo iko mbali kiasi gani. Mwaka 2019, wakiwa na kwasari zipatazo 1,600, walisema zile za mbali kabisa hazikubaliani na modeli ya ulimwengu tunayofundishwa darasani. Narayan Khadka na Bharat Ratra wakazichambua tena data za namna hiyo na kuonyesha kwamba uhusiano wenyewe, kwa sehemu ya kwasari hizo, unabadilika kulingana na modeli uliyoanza nayo. Kwa maneno mengine, rula inarefuka au kufupika kutegemea unachokipima. Mjadala haujaisha, lakini mimi moyo wangu haukubaki hapo. Ulibaki kwenye njia ya pili, ambayo haihitaji kujua kwasari ina nguvu kiasi gani.

Njia hiyo aliiandika Sjur Refsdal, Mnorwe, mwaka 1964, wakati hakuna mtu aliyewahi kuona kitu anachokizungumzia. Ilikuwa inajulikana tangu Einstein kwamba uzito unaupinda mwanga. Galaksi ikikaa katikati yetu na chanzo cha mwanga kilicho nyuma yake, mwanga unaweza kutufikia kwa njia mbili au zaidi, mmoja ukizunguka huku na mwingine kule, na sisi tukaona kitu kimoja sehemu mbili. Hiyo ndiyo lenzi ya mvutano.

Nilipoeleza hili kwenye semina nilitumia daladala, na nitazitumia tena hapa. Daladala mbili zinatoka Mwenge kwenda Kariakoo dakika ile ile. Moja inapita Morocco na Barabara ya Kawawa, nyingine inazungukia Ubungo halafu inashika Barabara ya Morogoro. Wewe uko Kariakoo na ramani, ila mtu kakata ile sehemu ya chini yenye skeli. Kona zote zipo, maumbo yote yapo, na unaona wazi njia ya Ubungo ni ndefu mara ngapi ya mwenzake. Hujui tu sentimita moja ni kilomita ngapi. Lakini kama kasi ya magari unaijua na ukapima kwamba la pili limechelewa dakika kadhaa, skeli umeipata. Mwanga una kasi inayojulikana. Picha ya lenzi inakupa maumbo. Kilichobaki ni kupima kuchelewa.

Utajuaje kwamba daladala mbili unazoziona zilitoka dakika ile ile? Ndipo kule kupepesa kunakosaidia. Kwasari ikififia ghafla, habari hiyo inasafiri njia zote mbili. Inafika kwanza kwenye picha moja, na baadaye ile ile, bila kubadilika, kwenye picha ya pili. Unasubiri tu.

Lenzi ya kwanza ilipatikana Machi 1979. Dennis Walsh, Robert Carswell na Ray Weymann, wakitumia darubini ya mita 2.1 ya Kitt Peak, Arizona, walikuta nukta mbili zilizo karibu karibu katika kundinyota la Dubu Mkubwa, zote mbili zikiwa na mistari ile ile na msogeo ule ule. Waliipa jina kavu kabisa: 0957+561, picha A na picha B. Mwanga wake umesafiri kwa takriban miaka bilioni 9. (Dubu Mkubwa hata sisi tunamwona Aprili usiku, chini upande wa kaskazini, mawingu ya masika yakituhurumia. Kwasari yenyewe ni hafifu mno kwa macho matupu.)

Watu wakaanza kupima kuchelewa, na ugomvi ukaanza. Kundi moja, likiwa na Rudolph Schild na Wafaransa wa Christian Vanderriest, lilisema B inachelewa nyuma ya A kwa kama siku 400 na kitu. Mwaka 1992 William Press, George Rybicki na Jacqueline Hewitt wakachukua vipimo vya Wafaransa hao hao, wakavipitisha kwenye hesabu nzuri zaidi ya takwimu, wakapata siku 536.

Vipimo vile vile, majibu mawili. Chanzo kimojawapo ni rahisi hadi kinachekesha. Kila mwaka kuna miezi ambayo Jua linakaa upande ule wa anga na huwezi kupima, kwa hiyo mchoro wa mwangaza una mapengo. Siku 536 ni karibu mwaka mmoja na nusu. Ukiusogeza mchoro wa B kwa kiasi hicho, vipimo vya B vinaangukia kwenye mapengo ya A, hivyo karibu hakuna sehemu ambapo viwili hivyo vinaweza kupingana. Jibu linaonekana linafaa kwa sababu hakuna kitu cha kulikataa. Nilipoelewa hapo niliweka kalamu chini. Ni mara ngapi kwenye ripoti zetu mstari umepita vizuri kwa sababu nukta zenyewe ni nne?

Kilichofuata ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mwishoni mwa Desemba 1994, Tomislav Kundić na wenzake, wakitumia darubini ya mita 3.5 ya Apache Point huko New Mexico, waliona picha A inashuka ghafla kwa karibu asilimia 10. Kwa kwasari ile, huo ni mporomoko wa haja. Wangeweza kukaa kimya, kusubiri B, na kutangaza ushindi baadaye. Badala yake waliandika na kuchapisha mapema, mwaka 1995: huu hapa mchoro wa A. Kama kuchelewa ni siku 415 hivi, B itashuka namna hii hii Februari 1996. Kama ni siku 540 hivi, itashuka Juni. Dunia nzima ikaambiwa ikae ikiangalia.

Februari 1996 B ikashuka.

Jibu la mwisho lilikuwa siku 417, na kosa linalowezekana ni siku 3 tu juu au chini. Schild na wenzake walikuwa sahihi tangu miaka ya 1980. Na hapo namba ya Hubble ikawa ngapi? 64, juu au chini 13. Yaani baada ya jasho lote hilo, kati ya 51 na 77. Darasani watu walicheka nilipoiandika ubaoni, na nawaelewa. Lakini angalia vizuri: siku zilikuwa zinajulikana kwa usahihi wa chini ya asilimia 1. Kilichokuwa hakijulikani ni uzito umepangikaje ndani ya galaksi iliyo katikati, na hawakujifanya wanakijua.

Rudi kwenye daladala kidogo. Uzito haupindi njia tu, unauchelewesha mwanga pia, kama foleni. Foleni ikiwa sehemu moja, utaiona kwa jinsi inavyopindisha safari. Lakini foleni iliyosambaa sawasawa mji mzima haibadilishi umbo la kitu chochote kwenye ramani yako. Inabadilisha muda tu. Hapo huwezi kusema kama njia ni ndefu au magari yanakwenda taratibu. Wanafizikia walilijua tatizo hilo tangu miaka ya 1980, na ndilo linalowasumbua mpaka leo.

Miaka ikapita, ugomvi wa 50 na 100 ukaisha, ukaja mwingine mdogo zaidi ila mchungu zaidi. Setilaiti ya Planck, kwa kusoma mwanga wa kale kabisa wa ulimwengu na kutumia modeli ya kawaida, inatoa 67.4, juu au chini 0.5. Kundi la Adam Riess, kwa ngazi ya nyota na supanova, mwaka 2022 likatoa 73.04, juu au chini 1.04. Namba hizo mbili hazigusani. Ama mmoja wao ana kosa ambalo hakuna aliyelipata, ama modeli yetu ya ulimwengu ina tundu. Alihitajika shahidi wa tatu, asiyepanda ngazi wala kuanza na mwanga wa kale. Kwasari zikaitwa.

Kundi lililojiita H0LiCOW, likiongozwa na Sherry Suyu, lilichukua lenzi sita. Kuchelewa kwenyewe kulipimwa kwa miaka mingi, kwa lenzi kadhaa kwa darubini kama ya Euler kule La Silla, Chile, yenye kioo cha mita 1.2 tu. Uvumilivu ulikuwa mkubwa kuliko kioo. Halafu wakafanya kitu ambacho ningependa kibandikwe kwenye mlango wa kila maabara: isipokuwa kwa lenzi ya kwanza, walilificha jibu wasilione wao wenyewe. Wakati wa uchambuzi, michoro ilikuwa inasogezwa ili namba halisi isionekane. Walibishana kuhusu kila hatua bila kujua hatua hiyo inawasogeza kwa Planck au kwa Riess. Walipokubaliana wote kwamba kazi imeisha, wakafungua, na kilichotoka ndicho kilichochapishwa. Kilitoka 73.3, na kosa la asilimia 2.4. Shahidi wa tatu alikuwa amesimama upande wa Riess.

Ungedhani wangeishia hapo, wapige picha. Mwaka huo huo wa 2020, Simon Birrer pamoja na wengi wa watu wale wale walirudi kwenye foleni iliyosambaa. Walisema kosa letu ni dogo kwa sababu tumedhania umbo fulani la uzito ndani ya galaksi. Je, tusipodhania? Wakaliachia umbo hilo huru, wakaiacha data yenyewe iseme. Namba ikawa 74.5, na kosa likavimba hadi karibu asilimia 8. Wakaongeza taarifa za lenzi nyingine 33 za galaksi ili kulipunguza, namba ikashuka hadi 67.4, na kosa lake bado kubwa kiasi cha kuwagusa wote wawili, Planck na Riess.

Baada ya semina tulikaa kwenye kimbweta, na mwenzangu mmoja, mtu makini kabisa kwenye hesabu, akasema: "Sasa si wamejiharibia? Mtu una asilimia 2, unakwenda kujiongezea mpaka 8?" Wengine wakakubaliana naye. Mimi nilisema ile karatasi ya pili ndiyo bora kuliko zote nilizosoma, na bado nasema hivyo. Asilimia 8 ndiyo waliyokuwa nayo siku zote kama hudhanii kitu. Ila sikuwa na jibu aliponigeuzia kibao: "Wewe ukipeleka 9.3 na maelezo ya feni, na mimi nikipeleka 9.80 bila maelezo, nani anapata alama?" Nimeziona ripoti za aina zote mbili zikirudishwa. Anajua, na mimi najua. Na mtu anayetegemea GPA kwa ajili ya ufadhili humwambii habari za Norway.

Kinachonipa wasiwasi ni miradi ya mwaka wa tatu, tunayoanza miezi michache ijayo. Kuna atakayepima paneli za sola, kuna atakayepima mionzi kwenye udongo. Huko hakuna 9.8. Mtu aliyezoea miaka miwili kuuona mwisho kabla ya kuanza safari ataangalia wapi? Ataangalia uso wa msimamizi wake, aone msimamizi anatamani namba gani, aisogelee. Na haitakuwa uongo hasa. Atafuta nukta moja inayokera, atarudia kipimo kile tu ambacho hakikumpendeza, na vile vilivyompendeza ataviacha. Watu wa kwasari wana shahada za uzamivu na bado walijiona ni watu wa kufunikiwa macho. Tumekubaliana sisi wanne wa kundi letu tujaribu: mmoja atashika namba ya urekebishaji wa kifaa bila kuwaambia wengine mpaka uchambuzi uishe. Haina gharama. Inahitaji tu mtu asiyependa kusengenya.

Kwasari zenyewe bado zinapimwa. Iliyochelewesha habari kuliko zote zilizopimwa mpaka sasa inaitwa SDSS J1004+4112, na lenzi yake si galaksi moja bali kundi zima la galaksi. Matokeo yaliyotoka mwaka 2022, baada ya kuiangalia kwa miaka 14 na nusu, yanasema habari ikifika kwenye picha C inachukua siku 2,458 kufika kwenye picha D. Kama C ingefifia leo, wa mwaka wa kwanza wangemaliza shahada, wangekula bumu la mwisho, wangezunguka na bahasha za vyeti miaka mingine mitatu na zaidi, na D ndiyo kwanza ingeanza kufifia.